Mpe Jua Mgongo: Kupiga Picha Vilele vya Milima Alfajiri

Wapiga picha wenzangu, na ninyi mliokuja kwa kupenda milima tu hata kama kamera yenu ni simu iliyomo mfukoni, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie picha za vilele wakati wa macheo. Nitaanza na jambo ninaloliamini kuliko yote, na sehemu kubwa ya mazungumzo haya itakuwa kulifafanua: anayepanda na kamera alfajiri aende kwa ajili ya mlima. Jua ni taa tu. Na taa ikiwa mashariki, kinachomulikwa kiko magharibi.

Chukueni kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985. Hicho ndicho kilele ambacho mtu asiyejua kupanda kwa kamba anaweza kukifikia kwa miguu, na wengi hujitahidi wafike gizani ili waone jua likichomoza. Linapokaribia, kila mtu hugeukia mashariki. Simu zinainuliwa, watu wanakumbatiana, na furaha yao ni ya haki kabisa. Lakini nyuma ya migongo yao kuna Nelion na Batian, majabali mawili ya mita 5,188 na 5,199, na mwamba ule wa kijivu umekwisha geuka rangi ya kaa la moto. Hauchukui muda. Watu wanapomaliza kupigana picha na kugeuka, wanakuta jabali limerudia rangi yake ya mchana, wala hawajui kilichowapita.

Sisemi jua halina uzuri. Ila duara la jua likitoka kwenye upeo wa macho linafanana na lile la Chile, na la Japani, na la kila mahali. Uso wa Batian uko mahali pamoja tu duniani. Kama umetembea usiku kucha kuufikia, ni haki yake utazamwe.

Sasa tuingie gizani, maana kazi inaanzia huko. Wanafalaki huigawa alfajiri kwa kupima jua liko nyuzi (yaani digrii) ngapi chini ya upeo wa macho. Likifika nyuzi 18 chini, weupe wa kwanza kabisa unaingia angani na nyota hafifu zinaanza kupotea. Likifika nyuzi 12, mlima unajitenga na anga: unauona mstari wa vilele, mweusi juu ya buluu nzito. Likifika nyuzi 6, unaweza kutembea na kufunga lenzi bila tochi. Kila hatua hapo ina picha yake. Kwenye nyuzi 12 una umbo tupu, na kamera kwenye tripodi inaweza kuacha lenzi wazi kwa nusu dakika ikakusanya buluu ambayo jicho lako halijaanza kuiona vizuri. Mimi naipenda sana saa hiyo. Theluji, kama ipo, huonekana kana kwamba inatoa mwanga wake yenyewe, na hakuna kivuli hata kimoja.

Kuanzia nyuzi 6 kuendelea, geukeni magharibi. Juu kidogo ya upeo wa macho mtaona mkanda wa buluu iliyochanganyika na kijivu, kama anga ni safi. Hicho ni kivuli cha dunia yenyewe, kimeangukia angahewa. Juu yake kuna mkanda wa waridi. Jua linavyopanda upande mmoja, kivuli kile kinazama upande wa pili, na waridi linakifuata kwa nyuma. Kilele kilichosimama upande huo huanza ndani ya kivuli, kikaingia kwenye waridi, kisha kikapigwa na jua lenyewe. Hayo ni mambo matatu tofauti, na anayeyajua hupata picha tatu tofauti bila kuhamisha tripodi. Waridi lile ni laini, halina upande wa giza wala wa nuru, kwa sababu linatoka kwenye anga lote la mashariki. Mwale wa jua ukifika ni mkali: kila ufa unachoreka, kila kigongo kinapata upande wake wa giza.

Kwa nini mwanga huo ni mwekundu? Mwanga wa jua una rangi zote. Ukipita hewani hutawanywa na molekuli za hewa, na mwanga wa buluu, wenye mawimbi mafupi, hutawanywa zaidi ya mara 4 kuliko mwekundu. Mchana, jua likiwa utosini, njia yake ndani ya angahewa ni fupi. Likiwa kwenye upeo wa macho, mwanga hupita kwenye hewa nyingi karibu mara 40 ya ile. Buluu inamwagika njiani, ikalipaka anga la watu walioko mashariki yetu ambao kwao kumekwisha kucha, na kinachofika kwenye mwamba ni chungwa na nyekundu. Kilele kirefu kina nyongeza yake. Mwale wa kwanza kukigusa umekwisha pita karibu kabisa na uso wa dunia, kisha ukapanda tena ndani ya hewa hadi kufika kule juu. Ni kama umechujwa mara mbili. Ndiyo maana wekundu mzito kuliko wote hukaa kwenye ncha, katika dakika ya kwanza, na haurudi tena mpaka jioni.

Kilele hupata jua kabla ya bonde kwa sababu dunia ni mviringo: aliye juu huona mbali zaidi chini ya ukingo wake. Kwa mlima unaopanda kama mita 5,000 kutoka kwenye tambarare inayouzunguka, kama Kilimanjaro, tofauti hiyo ni kama nyuzi 2. Karibu na ikweta jua hupanda digrii 1 kila dakika 4. Kwa hiyo kilele cha Uhuru, mita 5,895, huguswa na jua takriban dakika 8 kabla ya tambarare iliyo chini yake. Hapo hapo fanyeni hesabu moja zaidi, maana ndipo wengi hupitwa. Mstari wa mwanga haushuki mlimani kwa mwendo mmoja. Upeo wa mashariki ukiwa wazi, mita 1,000 za juu humulikwa zote kwa muda usiofika dakika moja, wakati mita 1,000 za mwisho kule chini huchukua karibu dakika 4. Mwanga huanza kwa mbio, kisha unapunguza mwendo. Na mbio hizo ziko pale pale ambapo wekundu ni mzito kuliko popote.

Maana yake ni kwamba anayesubiri kuuona mwanga ndipo apange kamera amechelewa tayari. Fremu iwe imechaguliwa, fokasi imefungwa, filta iko mahali pake, kidole kiko kwenye waya wa kufyatulia, na kilele bado kina giza.

Wenye kupiga picha karibu na ikweta tujue kwamba kwetu muda ni mfupi kuliko kwa wengine. Jua hupanda wima. Kutoka nyuzi 6 chini hadi kuchomoza ni dakika 21 hivi. Kwenye latitudo za milima ya Alps jua hupanda kwa mshazari, na muda huo huo hufika dakika 30 na zaidi; huko karibu na ncha za dunia, majira ya kiangazi, unaweza kuendelea kwa saa kadhaa. Mtu akisoma ushauri ulioandikwa na mpiga picha wa Norway ya kaskazini kuhusu kunywa kitu cha moto huku akisubiri mwanga ukolee, asiuchukue kama ulivyo na kwenda nao Rwenzori.

Mahali pa kusimama ndipo picha inapoamuliwa, tena siku nyingi kabla. Jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Kwenye ikweta huhama kutoka nyuzi 23 na kitu kaskazini ya mashariki, mwezi Juni, hadi nyuzi hizo hizo kusini yake, mwezi Desemba. Kwenye Alps huhama karibu nyuzi 35 kila upande. Genge ambalo Juni linapigwa na mwanga wa ubavuni, mikunjo yake yote ikaonekana, Desemba laweza kupigwa usoni likaonekana bapa, au lisipigwe kabisa. Siku hizi kuna programu za simu zinazochora mstari wa jua juu ya ramani kwa tarehe yoyote. Zitumieni, lakini kumbukeni kuangalia jambo moja ambalo baadhi yake haziangalii: kuna nini upande wa mashariki? Kigongo kirefu upande huo hula dakika zote za wekundu, na jua linapokivuka limekwisha kuwa jeupe.

Vilele vinavyosifiwa kwa macheo vina tabia hiyo moja: vinatazama mashariki, na mbele yake pako wazi. Minara mitatu ya mawe ya Torres del Paine, kusini mwa Chile, inatazama mashariki juu ya ziwa dogo. Matterhorn, mita 4,478, hupigwa picha alfajiri kutoka ziwa la Stellisee juu ya Zermatt, kamera ikitazama magharibi kuelekea kusini, na watu huwahi pia kwa sababu upepo wa baadaye huvunja taswira majini. Safu ya Sierra Nevada huko California hupanda kama ukuta kutoka bonde lililo mashariki yake. Ukisimama bondeni, jua likiwa mgongoni, ukuta wote unawaka mbele yako.

Hapo Sierra ndipo mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipopiga, mwaka 1944, picha ambayo naomba kila mmoja wenu aitafute na kuitazama kwa muda. Alikuwa karibu na mji wa Lone Pine, kamera yake kubwa imesimama juu ya jukwaa alilolijenga kwenye paa la gari. Alikuwa amerudi pale asubuhi kadhaa za baridi kali na mawingu yalimnyima. Safari hii vilele vilikuwa vinang'aa kwa theluji na mwanga, vilima vya katikati vikiwa gizani kabisa, na chini, kwenye malisho, mstari mwembamba wa jua ulikuwa unatambaa. Kulikuwa na farasi analisha, amempa kisogo. Adams alisubiri. Farasi aligeuka ubavu mwanga ulipomfikia, naye akafyatua.

Tazameni picha ile imejengwa na nini. Hakuna jua ndani yake. Kuna tabaka: chini kipande kidogo cha nuru, juu yake giza pana, juu ya giza vilele vyeupe. Giza lile la katikati ndilo linalofanya vilele viwe virefu. Mpiga picha wa leo, mwenye programu ya kuhariri, angelivuta lile giza liwe jepesi ili kila kichaka kionekane, na hapo ukuu wa mlima ungekwisha. Mimi nawasihi: acheni giza liwe giza. Jicho la mtazamaji linahitaji mahali pa kupumzika kabla ya kupanda.

Kuhusu lenzi nitasema kwa ufupi. Lenzi pana, ile inayomeza mandhari yote, huupunguza mlima. Ulichokiona kikijaza macho yako kinakuwa kijino kidogo nyuma ya mawe makubwa. Kama huna kitu cha maana cha kuweka mbele, chukua lenzi ndefu, ya milimita 70 hadi 200, kaa mbali, na kiache kilele kijaze fremu. Vitu viwili vilivyo mbali mbali huonekana vimekaribiana, mlima ukasimama nyuma ya mti au ya mtu kwa ukubwa wake wa kweli. Kwa dakika ile ya kwanza, ambapo ncha tu ndiyo nyekundu, lenzi ndefu karibu kila mara ndiyo jibu.

Sasa kamera yenyewe. Tripodi, na mfumo wa kutuliza mtikisiko uzimwe kama lenzi yako haijitambui iko kwenye tripodi. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 100. Tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11. Ukifunga hadi f/22 kwa tamaa ya kupata kila kitu kikali, mwanga hupinda kwenye tundu lile jembamba na picha yote inalegea. Fokasi ya mkono, ukikuza picha kwenye kioo na kutafuta ukingo wa mwamba dhidi ya anga, au nyota ukiwa gizani bado. Kufyatua kwa waya, au kwa kucheleweshwa sekunde 2. Haya mengi wenu mnayajua.

Panapostahili muda zaidi ni rangi na kiasi cha mwanga. Kamera ikiachiwa kujipangia mizani ya rangi itauona wekundu wa alfajiri kama kosa la kusahihishwa, iuondoe. Iwekeni kwenye mwanga wa jua, kama kelvini 5,200 hadi 5,500, na iache pale pale tangu gizani hadi mchana. Buluu itabaki buluu na waridi litabaki waridi. Na pigeni faili ghafi, lisilobanwa na kamera, ili uamuzi wa mwisho uwe wenu.

Kuhusu kiasi cha mwanga, shida ni kwamba kilele kimewaka na chini bado ni usiku. Tofauti yaweza kufika mara 16 au zaidi. Kamera ikipima fremu nzima inaona giza jingi, inafungua sana, na kile kilele chekundu kinatoka kimeungua, cheupe tupu, hakina tena taarifa ya kuokoa. Pimeni kilele. Angalieni histogramu, ule mchoro wa kwenye kamera unaoonyesha giza na mwanga viko kiasi gani katika picha, tena ile ya rangi nyekundu peke yake kama kamera yenu inayo, kwa sababu nyekundu ndiyo hufurika kwanza huku mstari wa jumla ukionyesha kuwa salama. Kilele kikishalindwa, chini mnaweza kukutafuta kwa njia tatu. Ya kwanza ni filta iliyo nyeusi juu na wazi chini, aliyoipenda sana mpiga picha Mmarekani Galen Rowell, ingawa ukingo wa filta umenyooka na mlima haujanyooka. Ya pili ni kupiga picha kadhaa mfululizo, kila moja na mwanga tofauti, mkaziunganisha baadaye. Ya tatu ndiyo niliyokwisha kuisemea: kuliacha giza.

Theluji ikishapigwa na jua kamili mambo yanageuka. Kipimo cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, na theluji inatoka kama majivu. Ongezeni mwanga mara 2 hadi mara 4 ya kile kamera inachotaka, mkiangalia histogramu isigonge ukuta wa kulia.

Wenye simu msijione mmeachwa. Bonyezeni kidole juu ya kilele na mkishikilie mpaka kipimo kifungwe, kisha telezesheni kidole chini hadi wekundu urudi. Egemezeni simu kwenye jiwe. Na zimeni ile hali ya usiku mwanga wa jua unapofika, maana inajaribu kuligeuza giza kuwa mchana.

Hali ya hewa ni somo ambalo mpiga picha wa milima analisoma maisha yake yote. Kwa nini alfajiri, hasa kwenye milima ya tropiki? Usiku hewa iliyopoa huteremka kwenye miteremko na kukusanyika bondeni, na kilele hubaki wazi. Jua likishapasha miteremko, hewa hupanda ikibeba unyevu, ikapoa, ikawa mawingu. Mlima uliokuwa wazi kabisa saa 12 asubuhi, saa 4 umejifunika. Wanaouona mlima kutoka tambarare wanalijua hilo bila kufundishwa.

Usiku mtulivu, wa nyota, baada ya mvua ya mchana, ndio wa kuombea. Ardhi ina unyevu, hewa ya chini inapoa kuliko ya juu, na ukungu unajaza bonde hadi usawa fulani. Aliye juu ya usawa huo anaamka amezungukwa na bahari ya mawingu, na vilele vinatokeza kama visiwa. Aliye mita 100 chini yake haoni hata mkono wake. Mawingu membamba ya juu sana nayo ni neema: jua huyapiga kutoka chini kabla halijachomoza, na anga lote linashika moto. Kinachoua asubuhi ni kitu kidogo, ukuta wa mawingu mbali sana mashariki, usioonekana gizani. Juu yenu nyota ni tele, mnadhani kila kitu ni sawa, kumbe mlango wa mwanga umefungwa. Picha za setilaiti za usiku huonyesha ukuta huo. Zitazameni kabla ya kulala.

Kuna nafasi moja ninayokubali kutazama jua: mlima unapokuwa katikati, kati yako na jua. Anayepanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kutoka upande wa mashariki akigeuka alfajiri huiona Mawenzi, mita 5,149, imekatwa nyeusi dhidi ya anga la chungwa, na meno yake yote yanahesabika. Kwenye safu zenye vigongo vingi, ukungu mwepesi huvitenganisha kimoja kimoja, cha karibu cheusi, cha mbali hafifu zaidi, hadi cha mwisho kinachokaribia kuwa anga. Hapo picha inajengwa na umbo peke yake, na kupiga kuelekea kwenye mwanga kuna maana.

Na mkiwa kileleni kabisa jua likichomoza, bado nawaambia geukeni. Kivuli cha mlima mliosimama juu yake kimelala magharibi, mamia ya kilomita, na kina umbo la pembetatu. Kitakuwa pembetatu hata kama mlima wenu ni bapa juu. Kivuli ni kirefu mno, na kingo zake huonekana zikikutana mbali, vile vile reli zinavyoonekana kukutana. Kilimanjaro hukitoa, Fuji hukitoa, Teide katika visiwa vya Canary hukitoa. Ni lazima mtu awe juu kabisa, na ni lazima awe amegeuka.

Kuhusu baridi: betri hupoteza nguvu zake upesi, kwa hiyo zikae ndani ya nguo karibu na mwili, na ya pili iwe tayari. Msipumulie karibu na kioo cha lenzi. Mkirudi kwenye joto, kamera ibaki imefungwa ndani ya begi mpaka ipate joto polepole, la sivyo umande utaingia hadi ndani. Glavu mbili, nyembamba ndani na nene nje. Na neno la kiongozi wa msafara kuhusu kurudi chini ni la mwisho. Kichwa kinachouma na kutapika katika mita 4,500 ni dalili ya mwili unaokosa oksijeni, na dawa yake ni kushuka, hata kama kumebaki dakika kumi jua litoke. Hilo silijadili na mtu yeyote.

Limebaki suala la ukweli, na najua linawagawa watu humu. Katika ile picha ya Lone Pine, wanafunzi wa mji walikuwa wameandika herufi L na P kwa rangi nyeupe kwenye mlima. Adams alizifuta kwenye negativu, ile filamu ya asili ya picha, na wapo waliomlaumu. Mimi nasimama na Adams hapo, lakini nasimama kwa shida, kwa sababu mlango alioufungua yeye kwa herufi mbili leo watu wanapitisha milima mizima: anga la siku nyingine, mwezi mkubwa mara tatu, kilele kilichovutwa kiwe kirefu. Kipimo changu ni kwamba mwanga nisiuguse. Nuru iliyoangukia mwamba ule, saa ile, kutoka upande ule, ndiyo niliyokwenda kuitafuta. Nikiibadilisha, sina sababu ya kuwa nilipanda.

Na kuna sababu nyingine, nzito kuliko ladha yangu. Mwaka 1861 Auguste-Rosalie Bisson alifika kilele cha Mont Blanc na wapagazi 25 waliobeba hema la giza, kemikali na vioo, akarudi na negativu tatu. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda Rwenzori katika msafara wa Duki wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, akavipiga vilele na barafu yake kwa uangalifu wa hali ya juu. Alifanya kazi ya uzuri. Lakini picha zake zimekuja kuwa ushahidi: watu wamerudi kwenye sehemu zile zile alizosimama, wakapiga tena, wakaona barafu imekwenda wapi. Kilimanjaro ilipoteza asilimia 85 ya eneo la barafu yake kati ya 1912 na 2007. Barafu mnayoipiga leo ikipata waridi la alfajiri, wengine hawataikuta.

Kwa hiyo kila picha ya kilele iwe na tarehe, saa, mahali kamili mliposimama, lenzi mliyotumia na upande kamera ilikotazama. Kamera nyingi huandika hayo zenyewe mkiwasha GPS. Isiyo nayo, daftari linatosha. Wekeni faili ghafi mahali pawili tofauti, lisiloguswa kabisa, hata kama nakala mliyoihariri ndiyo mtakayoitundika ukutani. Na kabla ya kukunja tripodi, piga moja ya ziada, pana, bila ufundi wowote, mlima mzima kutoka mguuni hadi nchani. Hiyo pengine hamtamwonyesha mtu mwaka huu.